Programu za utafiti za kiangazi Marekani: lipa au wacha?

Mtoto yuko Kidato cha Tatu, anapenda sayansi, na ndoto yake ni MIT ama Harvard. Halafu barua pepe inaingia: amekubaliwa kwenye programu ya utafiti ya kiangazi Marekani, lipa kabla ya Ijumaa. Mzazi, kabla hujabonyeza "tuma", soma hii kwanza.

Kuna aina mbili

Ya kwanza ni ile ngumu kuingia. Mfano ni Research Science Institute, iliyoanza 1984 na hufanyika MIT. Kila mwaka huchukua wanafunzi wapatao 100 kutoka Marekani na nchi nyingine. Kwa wiki sita, kila mmoja hufanya utafiti na mtaalamu, anaandika ripoti na kuiwasilisha. Masomo, chakula na malazi ni bure.

Ya pili ni ile ya kulipia. Nyingi hukodi madarasa ya chuo maarufu, na huchukua karibu yeyote aliye na pesa. Ada ya dola 6,000 si ajabu. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni shilingi 774,000, kabla ya tiketi na viza.

Je, zinasaidia?

Wengi waliopita aina ya kwanza huishia vyuo vikubwa. Lakini usikimbilie kusema programu ndiyo iliwaingiza. Walichujwa kwa sababu tayari walikuwa moto: alama za juu, hesabu nzito, miradi yao wenyewe. Wengi wao wangefika hata bila hiyo programu. Inachoongeza ni kazi halisi ya kuandikia insha, na mtaalamu anayeweza kumwandikia barua ya mapendekezo akimjua kweli.

Aina ya pili haina mchujo, kwa hivyo haimwambii afisa wa udahili mengi, isipokuwa kwamba nyumbani kuna pesa. Jina la chuo kwenye cheti halimaanishi chuo hicho kitamchukua.

Kabla ya kulipa

- Uliza wanaokubaliwa ni wangapi kati ya wanaoomba. Wakikwepa swali, umepata jibu.
- Fungua tovuti ya chuo mwenyewe, usifuate linki uliyotumiwa. Angalia kama programu ni ya chuo au imekodi tu ukumbi.
- Ukiambiwa utume ada kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, simama hapo hapo.
- Usichukue mkopo wa simu kulipia cheti.

Njia ya bei nafuu

Yale Young African Scholars ni ya wanafunzi wa sekondari barani Afrika, na kuomba na kushiriki ni bure. Hapa nyumbani kuna Kenya Science and Engineering Fair, inayoanzia shuleni. Mradi wa kupima maji ya kisima cha kijiji, ukifanywa vizuri kwa mwaka mzima, una uzito kuliko wiki mbili za kulipia.

Hizo 774,000 ziweke. Akipata nafasi ya chuo, bado kuna viza, tiketi ya ndege na nguo za baridi.