Baba yuko vitani: mama na watoto watatibiwa wapi?

Askari anapopelekwa kwenye operesheni, nyumbani kunabaki simu isiyoita na solde inayochelewa. Mara mtoto anashikwa na malaria. Wengi husema, "Tungoje baba yake arudi." Malaria haingoji.

Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, inayohusu hadhi ya askari wa FARDC, inampa askari haki ya matibabu, yeye pamoja na mke na watoto wake. Lakini haki hiyo hupitia kwenye karatasi. Mke ambaye ndoa yake haikuandikishwa, au mtoto asiye na cheti, hutambuliwa kwa shida. Na baba akifa, shida inaongezeka. Kwa hiyo, kabla hajaondoka, wekeni pamoja cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa na namba yake ya matrikule. Mtoto mchanga huandikishwa bure katika siku 90 za kwanza. Hospitali ya kambi ikiwa mbali au ikikosa dawa, nenda kituo cha afya cha mtaa. Usilale na mtoto mwenye homa.

Kuna pia ugonjwa usioonekana kwenye kipimo cha damu. Mama hapati usingizi, chakula hakipiti, analia peke yake, anapiga watoto bila sababu. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Baba naye akirudi, anashtuka mlango ukigongwa, anakimbilia lotoko.

Huo si uchawi. Ni moyo uliobeba kupita nguvu zake, na unatibika. Hali ikifika majuma mawili, mwambie muuguzi wazi. Wagonjwa wa namna hii hupokelewa pia SOSAME kule Bukavu, Tulizo Letu kule Goma na kituo cha Joseph Guislain kule Lubumbashi. Mtu akisema anataka kujiua, msimwache peke yake. Mpelekeni siku hiyohiyo. Na mume akikupiga, vita si ruhusa: kwanza toka na watoto, mwende mahali salama.

Juma hili, kabla ya kugawa pesa za likelemba, ulizeni: nani hajapata habari za mume wake? Wamama wawili waende kwake, wakae naye, wamsikilize. Akihitaji kwenda kituoni, mmoja amsindikize, mwingine abaki na watoto.