Sikuliona Lile Tuta

Nilikuwa kiti cha mbele kwenye kosta, mchana kweupe. Dereva alikuwa na spika za masikioni, anabishana na mtu kuhusu pesa za mafuta. Mikono yote miwili iko kwenye usukani, macho yanatazama mbele. Tukalivamia tuta bila breki hata ya kugusa. Nyuma vichwa viligonga paa, ndoo ya dagaa ya mama mmoja ikamwagika hadi mlangoni, na matusi yakafuata. "Sikuliona," alisema dereva. Abiria wakazidi kuwaka. Tuta limepakwa mistari, na kibao chake kimesimama kabla yake. Unakosaje kuliona?

Mimi nilimwamini. Nafundisha madereva, na neno hilo nimelisikia mara nyingi mno kiasi cha kutolichukulia kuwa uongo. Jicho hupokea mwanga tu, kinachoona ni ubongo. Na ubongo wa yule bwana ulikuwa kwenye hesabu za mafuta.

Watu wengi wanaamini ubaya wa simu uko mkononi. Hata trafiki akikusimamisha kwa kosa la simu, amekuona umeishika. Basi tumetafuta njia za kuacha mikono huru: wengine blututhi, wengine spika za masikioni, na mwendesha bodaboda anaichomeka simu kati ya helmeti na shavu, anaendelea na safari.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Redelmeier na Tibshirani, walichapisha kazi iliyopaswa kuizima imani hiyo. Walichukua madereva 699 wenye simu waliopata ajali, wakakagua kumbukumbu za simu walizopiga na kupokea, wakalinganisha dakika chache kabla ya kugonga na muda kama huo wa siku iliyotangulia. Hatari ya ajali wakati wa kuongea iliongezeka kama mara 4. Na wale ambao simu zao hazikuhitaji kushikwa hawakuonekana kuwa salama zaidi ya wengine.

Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Utah, David Strayer na wenzake walitaka kujua kwa nini. Wakawaweka watu kwenye gari la maabara, ambalo barabara yake ni picha kwenye skrini, na chombo cha kufuatilia jicho linaelekea wapi. Waliokuwa wakiongea na simu isiyoshikwa waliyatazama mabango ya kando ya barabara sawasawa. Walipoulizwa baadaye wameona nini, waliyakumbuka machache kuliko walioendesha kimya. Ndiyo habari ya tuta letu hiyo.

Ubongo haufikirii mambo mawili kwa mpigo. Unarukia hili, unarudi kwa lile, na kila ukiruka kuna kitu kinaanguka. Utatembea huku ukitafuna karanga kwa sababu hakuna hata kimoja kinachodai uamuzi. Kuendesha nako huonekana hivyo barabara ikiwa tupu, mpaka mbuzi akatize.

Nikisema haya darasani, hapakosi mtu wa kunijibu: "Mimi nimezoea, mwalimu." Strayer na mwenzake Watson walipima watu 200, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Waliofanya kazi mbili bila kuharibu yoyote walikuwa watano. Tatizo ni kwamba kila ninayemsimulia hujihesabu miongoni mwa hao watano.

Ujumbe wa maandishi hauhitaji maelezo marefu. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Soma kwa sekunde 5, umeshapita mita 110 hujaona kitu.

Kinachowashangaza wengi ni taa nyekundu. Unajibu ujumbe, taa inawaka kijani, unaiweka simu na kuondoka. Umeiweka, lakini akili haijarudi yote. Utafiti wa taasisi ya AAA ya Marekani wa mwaka 2015, uliopima mifumo ya kuamrisha gari kwa sauti, ulikuta usumbufu unaweza kubaki hadi sekunde 27 baada ya mtu kumaliza. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hizo ni mita 300. Ndani yake mna kivuko cha pundamilia na watoto wa shule.

Sasa utaniuliza: je, kuongea na abiria si yale yale? Hapana. Abiria wa mbele analiona lori linalojaza njia, ananyamaza, au anasema "angalia huyo". Anayekupigia kutoka Tanga hajui kama uko Chalinze unapishana na lori la mafuta. Anaendelea kusimulia msiba, na anangoja umjibu.

Hapo ndipo mila zetu zinapotukamata. Simu yetu haianzi na jambo. Inaanza na shikamoo, za huko, watoto hawajambo, mama je, ndipo jambo lenyewe lifike, na mdogo hamkatii simu mkubwa wake. Nimeona kijana mtu mzima, ana familia nyuma ya gari, anapokea simu ya baba mkwe kwenye mteremko kwa sababu kutopokea kungeonekana dharau. Kumwambia huyo "zima simu" tu ni kumwachia mzigo peke yake.

Kwa hiyo leo siwaombi madereva, nawaomba ninyi mnaowapigia, hasa wazazi, mabosi na wenye magari. Swali lenu la kwanza liwe "unaendesha?" Akisema ndiyo, mwambie mtaongea akifika, halafu kata wewe. Yeye ataona haya kukukatia.