Tangi la Shule: Changa kwa Simu, Kila Shilingi Ionekane

Katika shule nyingi za msingi kule Kitui na Makueni, mtoto hutoka nyumbani na mkoba wa vitabu mgongoni na mtungi wa maji mkononi. Maji hayo ni ya kunywa, ya kupikia na ya kunawa. Yakiisha saa nne, mtoto anatoka chooni na kwenda kula hivyo hivyo. Msichana aliye kwenye hedhi huona heri abaki nyumbani.

Wazazi wanajua dawa yake: gata kwenye mabati, tangi, na mifereji ya kunawia. Kikao huanza vizuri, kisha mmoja anauliza, "Na pesa atashika nani?" Hapo ndipo mradi hukwama. Hebu tusaidiane.

Kwanza, tupige hesabu

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 10 kwa 6 likipata mvua ya milimita 200 hutoa lita 12,000. Hata mengine yakimwagika, tangi la lita 10,000 litakaribia kujaa. Likijaa, wanafunzi 200 wakinawa kwa lita moja kila siku, maji yatawafikisha siku 50 za shule.

Familia 120 zikichanga shilingi 50 kila wiki, baada ya wiki 20 mna shilingi 120,000.

Pesa zipite wapi?

- Msichange kwa namba ya mtu binafsi, hata kama mnamwamini. Simu hupotea, mwalimu huhamishwa, na pesa za tangi huchanganyika na za unga. Tumieni paybill iliyounganishwa na akaunti ya benki ya shule.
- Kwenye namba ya akaunti, andika jina la mtoto na darasa lake.
- Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Kama si la shule, wacha kwanza, uulize.
- Usifute meseji ya malipo. Hiyo ndiyo risiti yako.
- Kila mwisho wa mwezi, bodi ya shule ibandike ukutani pesa zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki. Majina ya ambao hawajachanga yasibandikwe.
- Fundi alipwe kutoka akaunti hiyo hiyo, kidogo kidogo, kazi ikionekana.

Na asiye na kitu?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtoto kunyimwa masomo kwa sababu mzazi hajalipa michango ya shule. Mzazi huyo anaweza kuleta mchanga, au siku moja ya kuchimba msingi wa tangi. Huo pia ni mchango, na uandikwe.

Tangi likishasimama

Mvua ya kwanza isiingie tangini. Ondoeni bomba kidogo, vumbi na kinyesi cha ndege vioshwe paani. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Mwisho, tunawaomba msifunge mchango siku ya kuzindua tangi. Shilingi 10 kwa wiki kutoka kila familia ziendelee kuingia akaunti ile ile. Hizo ni za sabuni, na za mfereji utakapoharibika, kwa sababu utaharibika tu.