Kodi ya Nyumba Si Faida Yote: Shauri kwa Ndugu Wajengao Pamoja

Watu wengi wanapofikiri juu ya nyumba za kupangisha huhesabu kwa vidole: vyumba vingapi, kila chumba shilingi ngapi, basi. Hesabu hiyo ni fupi mno, nayo imevunja udugu wa watu wengi katika miji ya Kenya inayokua upesi, kama vile Ruiru, Kitengela na Mlolongo, ambako ndugu au marafiki huchanga fedha wakajenga ploti moja. Wakati wa kujenga hupatana; ugomvi huja siku ya kugawana.

Ichukuliwe hesabu moja kuwa mfano. Ndugu wawili wamejenga vyumba 20 kwa Shs. 4,500,000. Mkubwa ametoa Shs. 2,700,000 na mdogo Shs. 1,800,000, yaani katika mafungu matano, mkubwa ana matatu na mdogo mawili. Kila chumba hulipiwa Shs. 4,000 kwa mwezi. Kwa vidole, mapato ni Shs. 960,000 kwa mwaka, na mtu aweza kudhani kwamba fedha zao zitarudi kabla ya miaka mitano kwisha.

Lakini ni nadra ploti kujaa mwaka mzima. Mpangaji mmoja huhama, mwingine huchelewa, wa tatu hutoroka usiku na deni lake. Mwenye busara huondoa kodi ya mwezi mmoja tangu mwanzo, hubaki Shs. 880,000. Katika hizo, na zitolewe hizi:

Mshahara wa msimamizi na mlinzi, Shs. 144,000.
Matengenezo, sehemu moja katika kumi, Shs. 88,000.
Kodi ya ardhi ya serikali ya kaunti pamoja na bima, Shs. 30,000.
Ujira wa mwenye kukusanya kodi na kuandika daftari, sehemu moja katika ishirini, Shs. 44,000.

Jumla ni Shs. 306,000, nazo zinazobaki ni Shs. 574,000.

Fungu la matengenezo ndilo huliwa kwanza, kwa sababu bati halivuji kila mwezi. Lakini asiyeziba ufa hujenga ukuta. Yafaa fedha hizo ziwekwe benki mbali na nyingine. Vivyo hivyo amana aitoayo mpangaji siku ya kuingia si mali ya mwenye nyumba, maana siku ya kuhama hudaiwa. Na ujira wa mkusanyaji usidharauliwe. Ndugu akaaye karibu na ploti akifanya kazi bure miaka mingi, mwisho hujilipa kwa siri. Afadhali alipwe kwa uwazi.

Ndipo huja ushuru wa serikali. Tangu tarehe 1 Januari 2024, ushuru juu ya kodi za nyumba za kuishi ulipunguzwa kutoka asilimia 10 hadi asilimia 7.5. Humhusu mtu apataye zaidi ya Shs. 288,000 kwa mwaka, zisizozidi Shs. 15,000,000, na hulipwa kila mwezi, kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ushuru huo huhesabiwa juu ya kodi yote iliyopatikana wala si juu ya faida. Gharama hazitolewi kwanza. Basi mkubwa, ambaye fungu lake katika Shs. 880,000 ni Shs. 528,000, atalipa Shs. 39,600, na mdogo, mwenye Shs. 352,000, atalipa Shs. 26,400.

Hatimaye mkubwa anapata Shs. 304,800 na mdogo Shs. 203,200. Jumla ni Shs. 508,000, zaidi kidogo ya nusu ya hesabu ya vidole. Na fedha walizotoa zitarudi baada ya miaka karibu tisa, wala si mitano. Biashara si mbaya, ila yataka subira.

Gharama za ghafula nazo zigawanywe kwa mafungu yale yale. Upepo ukiezua paa, na fundi akataka Shs. 50,000, mkubwa atoe 30,000 na mdogo 20,000. Asiye na fedha siku hiyo aandikiwe deni, alipe katika kodi zijazo.

Mwisho, mapatano haya yaandikwe kabla ya jiwe la kwanza, yatiwe sahihi mbele ya mashahidi, na mafungu yaonyeshwe katika hati ya ardhi. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, wenye ardhi waweza kuimiliki kwa mafungu, hata mmoja akifa fungu lake liwe la warithi wake. Wajane na yatima wengi wametolewa katika ploti kwa kukosa karatasi moja tu. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.