Siku ya Wazazi Ngome ya Yesu

Ngome ya Yesu, Mombasa, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Italia. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698, wakaitwaa. Waingereza waliigeuza gereza, na sasa ni makumbusho.

Wanaowapeleka wazazi wao wafike asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kinachostahili muda mrefu zaidi ni mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697: wapiga mbizi walivitoa vyombo vyake baharini katika miaka ya 1970. Nyumba ya Waomani, yenye milango ya nakshi, ina kivuli. Hapo wazee hupumzika wakitazama bahari, na mara nyingi ndipo simulizi za zamani, zilizo bora kuliko maandishi yoyote ya ukutani, huanza.

Mji wa Kale uko mlangoni. Migahawa yake huuza mahamri kwa mbaazi za nazi, biriani na pilau; jioni hutoka viazi karai, mishkaki na kahawa chungu yenye tangawizi.