Fahamu: Kwa nini makinda wa kozi huwekewa walinzi mjini

Tangu ndege aina ya kozi waanze kuzalia kwenye mnara wa Campanile, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2017, watu wa kujitolea wamekuwa wakikaa macho chini yake, darubini mkononi, makinda wanapokaribia kuruka. Kinda huruka akiwa na wiki sita hivi. Kuruka si kazi. Kazi ni kutua. Hugonga kioo, huteleza ukingoni, huishia barabarani, na akiwa chini mbawa hazina nguvu za kumpandisha tena. Hapo walinzi huzuia watu na magari, wataalamu humtia kwenye boksi na kumrudisha juu. Eti wazazi humkataa akiguswa na binadamu? Uzushi. Ukimkuta kinda chini, usimlishe wala usimpe maji. Waite wataalamu wa wanyamapori.