"Kijana", "-changa" na "-dogo": Aina na Matumizi ya Maneno ya Umri

Katika sarufi nyingi za shule neno "kijana" huwekwa miongoni mwa majina, kisha likaachwa hapo. Hata hivyo, Waswahili husema "mwalimu kijana" na "hakimu kijana", na hapo neno hilo linaeleza jina jingine. Je, ni jina au ni kivumishi? Swali hili lamhusu mtungaji wa kamusi, na lamhusu zaidi msahihishaji wa mitihani ambaye kalamu yake nyekundu haina budi kuamua.

Mzizi wa neno ni -ana, ule ule wa "mwana". Kati ya kiambishi ki- na mzizi huo imeingia sauti j, kama ilivyo katika "kijumba" litokanalo na "nyumba". Kwa asili, basi, kijana ni mwana mdogo. Lakini maana hiyo ya udogo imekwisha kufifia, na upatanisho wa kisarufi ni shahidi: husemwa "kijana huyu amefika", ilhali "kitoto", ambalo bado linabeba udogo na pengine dharau, hubaki katika ngeli yake: "kitoto hiki kimefika".

Kivumishi halisi hufuata ngeli ya jina linaloelezwa. Ndivyo afanyavyo "-changa": mtoto mchanga, miti michanga, taifa changa, mataifa machanga. "Kijana" hubadilika kwa idadi tu, "walimu vijana", wala hakuna asemaye "mti kijana". Ni jina, basi, lililowekwa sambamba na jina jenzake. Atakayepinga ataleta "bado ni kijana sana", kwani "sana" si kawaida yake kufuata jina. "Yeye ni mwalimu sana" ni sentensi ya ajabu. Hoja hiyo ina uzito, ila "mtoto sana" na "mzee sana" pia husemwa. Yaelekea majina ya umri, kwa kuwa umri wenyewe una viwango, hukubali neno la kiwango bila kuacha kuwa majina.

Wafasiri hukosea zaidi katika "-changa". Mtoto mchanga ni wa siku au miezi. Kumwita mwanamke wa miaka 20 "mwanamke mchanga" ni kumrudisha kwenye mbeleko. Likiambatana na kazi, neno hili hupima uzoefu, wala si miaka. Mtu wa miaka 60 aliyetoa kitabu chake cha kwanza ni mwandishi mchanga, lakini si mwandishi kijana.

"-dogo" hupima nafasi. "Mdogo wangu" aweza kuwa na wajukuu, na mama mdogo huitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa baada ya mama, hata akiwa kikongwe.

Vielezi havina utata mwingi: "utotoni", "ujanani", "analia kitoto". La kutazamwa ni kwamba "kijana" halikubali ki- ya namna, kwa kuwa limekwisha kuwa na ki- yake. Msemaji hukimbilia "ujana" na kuunda "mavazi ya kiujana".

Tofauti hizi huonekana wazi zaidi katika sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 260, inawahesabu vijana kuwa ni watu waliotimiza miaka 18 na ambao hawajafikia miaka 35. Katika mazungumzo, mpaka huo haupo: mtu wa miaka 40 ni kijana mbele ya wazee wake. Tena wasemaji wengi husema "vijana na wasichana", yaani kwao kijana ni wa kiume, na "kijana wangu" ni mwanangu wa kiume. Msichana asomaye tangazo la mikopo ya "vijana" ana haki ya kuuliza kama naye anaitwa. Ndiyo maana waandishi waangalifu huandika "vijana wa kike na wa kiume", ingawa mwanasarufi angeliona maneno hayo kuwa ya ziada.